Ukienda kwa fizio, nenda na dani

Kijana wetu wa pili ana mtindio wa ubongo, CP vile sisi wazazi huita, na kama unakaa Kisumu unajua neno la kwanza utakaloletewa na majirani ni chira, ile laana ya kuvunja mwiko. Siku hizi sibishani na mtu. Daktari alitueleza: mtoto alichelewa kulia alipozaliwa, hewa haikufika kwa ubongo vizuri, ukaumia. Wengine ni ile manjano ya siku za kwanza ikizidi bila kutibiwa, wengine ni meninjaitisi ama malaria ikipanda kichwani. Hiyo sehemu iliyoumia haiendelei kuumia, lakini misuli ukiiacha hivyo hivyo inakaza, na hapo ndio kazi iko.

Mwanzoni tulikuwa tunaenda fizio kwa hospitali fulani, sitaitaja. Unafika asubuhi, foleni, mkiingia mtoto analazwa kwa mkeka ananyooshwa miguu huku analia mwanzo mwisho, mama yake amesimama kando na mkoba kama mtu anangoja risiti, halafu mnapewa karatasi yenye picha za mazoezi, fanyeni nyumbani kila siku, haya, mwingine aingie. Sasa nyumbani nani afanye? Mama watoto yuko Kibuye sokoni tangu alfajiri, mimi niko kwa boda, anayeshinda na mtoto ni dani, mama yangu mzazi, na hiyo karatasi hajawahi hata kuonyeshwa.

Yule dada wa okupesheno (occupational therapy, tiba ya kumsaidia mtu afanye shughuli zake za kila siku) tuliyempata baadaye hakuanza na mtoto. Alianza kuuliza siku yetu inaendaje, nani anaamka kwanza, mtoto anaogeshwa wapi, analishwa na nani, analala na nani, mpaka nikadhani huyu ni wa sensa. Kumbe ndio alikuwa ameshaanza kazi.

Siku alipokuja nyumbani Manyatta alikuta dani analisha. Mtoto amelazwa chali kwa mapaja, kichwa kimeanguka nyuma, uji unamiminwa kwa kiganja, anapaliwa, mwingine unatokea puani, na sisi wote tulikuwa tunajua basi kula kwake ndio huko. Dada wa watu hakugombeza. Alipiga magoti akasema, "Dani, hebu tujaribu mimi na wewe." Wakamkalisha wima, nyonga zimekunjwa, mabega mbele kidogo, kidevu kimeinama kidogo tu, kijiko kinatoka mbele usawa wa mdomo, manake kikitoka juu mtoto anainua kichwa na uji unatafuta njia ya hewa. Uji uwe mzito kidogo, halafu ungoje ameze kwanza. Dani akasema kwa mwendo huo bakuli moja litamaliza mchana wote, na kusema ukweli linachukua muda, lakini kile kifua cha kila mara kilipungua sana.

Miguu yake ilikuwa inakaza na kupishana kama makasi, kwa hivyo tukaambiwa tumbebe kiunoni ameipanua, mmoja mbele mmoja nyuma. Kumbe hata mgongoni kwa leso miguu inapanuka, kitu dani alikuwa anafanya miaka yote bila karatasi ya mtu. Kuvalisha shati unaanza na ule mkono mgumu, kuvua unaanza na ule mzuri. Dada yake wa gredi ya tatu naye kazi yake ni kuweka kifuniko cha sufuria mbali kidogo, anakigonga, kijana ananyoosha mkono mpaka akifikie, wanacheka, na hapo hujui kama ni mchezo ama ni mazoezi. Kiti cha kona, kile chenye mgongo wa pembe unaomshika mtoto akae wima, nilitengenezewa na fundi wa mbao, nilimpelekea tu vipimo nilivyopewa.

Najua mtu wa okupesheno ataniambia wako wachache na watoto ni wengi, na ni kweli. Lakini kuuliza "mtoto anashinda na nani?" hakumalizi muda kuliko kuchora hiyo karatasi.

Kama wako amefika miezi tisa na hajaweza kukaa mwenyewe, ama mwaka na nusu hajatembea, usingoje ati wavulana huchelewa. Chukua kile kijitabu cha Mama na Mtoto uende kliniki useme wazi. Mambo ya shule uliza EARC, vituo vya Wizara ya Elimu vya kupima mtoto mwenye ulemavu na kuwaelekeza wazazi kuhusu shule, viko tangu 1984 na bado wazazi wengi hawavijui.

Na unapoenda, nenda na yule anayeshinda naye. Nauli ya mtu wa pili inauma, naijua, lakini nikienda peke yangu nije nimweleze dani nilichoambiwa, nusu inamwagika njiani. Aliyeonyeshwa ni yeye, na saa hii nikishika kijiko vibaya ananinyang'anya.