Unyayo wa Kushoto

Juzi binti yangu aliniuliza ninatafuta nini ninapomkagua nyayo kila mwezi baada ya kumwogesha. Nilimjibu kuwa natafuta funza. Hakuniamini, wala sikutarajia aniamini.

Magoti ya baba yalikuwa yamekwisha kukataa kukunjika, kwa hiyo mimi ndiye niliyemtilia maji ya udhu. Alasiri ile aliketi juu ya kibao, akaegemea ukuta, akanyanyua mguu wa kushoto juu kuliko kawaida yake. Maji yalitoka katika kata yakateremka hadi kisiginoni, na jua la uani likauangaza unyayo wote. Hapo nikaliona doa, kubwa kupita punje ya kunde, limekoza kama wino upande mmoja na kufifia kuwa kahawia upande wa pili, kingo zake zimeparuzika kama pwani ya Pemba katika ramani. Katikati palikuwa na kidonda kidogo chenye unyevu ambao haukuwa wa maji yangu.

"Ni mwiba tu, mwanangu. Tia maji, wakati unapita."

Nikatia maji.

Yaliyofuata ni dawa za majani kwa wiki mbili, mtoki uliovimba kinenani, boti ya kwenda Unguja, na kinyama kilichokatwa kikapelekwa kupimwa. Jibu lilikuwa melanoma, saratani ya ngozi. Daktari alitueleza kwamba doa linalotanuka bila mpangilio, lenye rangi zaidi ya moja au linalozidi milimita 6, na kidonda kisichopona, havifai kusubiriwa. Na kwamba kwetu sisi weusi aina hii hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua halina kazi. Alimtaja Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, ambaye ugonjwa wake ulianzia chini ya ukucha wa mguu. Baba, ambaye sidhani kama aliwahi kumsikiliza, aliuliza iwapo bwana huyo naye alikuwa mkulima.

Kisha daktari akauliza doa lilianza lini.

"Lilianza kuniwasha wakati wa masika," baba akasema, bila kunitazama.

Mimi nilikuwa nimeanza kumtilia maji kabla ya masika hayo, mara tano kwa siku.