Niolewee Mume Wangu

Shangazi yangu hajui Kiingereza, na Kikorea ndiyo usiseme. Lakini anamjua Kang Ji-won, mhusika wa katuni ya Kikorea, kama anavyomjua mke wa mwenye nyumba wetu. Kwa miezi kadhaa, kila Jumamosi tukikaa kuchagua mchele, mimi nilikuwa namsimulia nilichosoma wiki nzima kwenye simu, naye ananikatiza. "Ngoja kwanza. Huyo shoga yake bado anakuja kula kwake?"

Bado, shangazi. Anakula, anavaa, na usiku analala pale pale.

Katuni yenyewe inaitwa Marry My Husband. Ilianza kama riwaya ya mtandaoni ya mwandishi anayetumia jina la Sungsojak, kisha studio ya LICO ikaichora. Ji-won ana saratani ya tumbo, siku zake zimebaki za kuhesabu. Anatoka hospitali bila kumwambia mtu, anafika nyumbani na kumkuta mumewe, Park Min-hwan, kitandani na Jung Su-min, rafiki yake wa tangu shuleni. Kibaya zaidi, wanazungumzia hela ya bima atakapokufa. Kunatokea ugomvi, anasukumwa, anafia hapo hapo sebuleni. Akifumbua macho yuko kazini, miaka 10 nyuma, hajaolewa bado. Anatambua upesi kwamba yaliyomkuta hayafutiki. Yanaweza tu kuhamia kwa mtu mwingine. Basi anaamua kumtafutia Min-hwan mke, na mke mwenyewe ni Su-min.

Jina la Kikorea ni Nae nampyeongwa gyeolhonhaejwo. Nilihangaika nalo kwa ajili ya shangazi. "Olewa na mume wangu" inasikika kama amri ya mjumbe wa nyumba kumi. Ile -haejwo ya mwisho ni ya kumwomba mtu akufanyie jambo, na Kiswahili chetu kina kauli ya kutendea iliyokaa tayari: niletee, nishikie, nipikie. Niolewee. Nilipolitamka hivyo shangazi alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Tukaokota mchele sakafuni.

Hadithi za mtu kufa na kurudi nyuma zimejaa Korea hadi zina jina lake, hoegwi. Nimesoma nyingi, na katika nyingi mhusika anarudi akiwa binti wa mtawala kwenye Ulaya ya kubuni, gauni hadi sakafuni, mtumishi anamwaga chai. Siwezi kuishi mle. Ji-won anarudi kwenye meza ya ofisi ya kampuni ya vyakula, na cheo chake ni daeri, yaani bado yuko ngazi za chini. Mkuu wa idara anaitwa bujangnim, na hakuna anayethubutu kumwita kwa jina. Huko ndiko nilikonaswa, si kwenye mapenzi. Kuna msimamizi anayechukua wazo la Ji-won la kuuza mapishi yaliyokwisha kukatwakatwa na kupimwa, mtu anapika tu nyumbani, na anataka kulifanya lake. Mimi katika kazi yangu ya kwanza niliandaa taarifa ya hesabu ya ghala la rangi kwa wiki tatu. Bosi akaisoma kikaoni kama yake, na jina la rangi moja ya ukuta akalikosea kulitamka mara mbili. Nilikaa nyuma, nikaandika kumbukumbu za kikao. Kwa hiyo Ji-won alipoinuka kudai kazi yake nilikuwa kwenye mwendokasi, nimesimama, na nilisema "Ehee!" kwa sauti. Mzee mmoja akanigeukia.

Na Su-min, jamani. Anamwita Ji-won "nusu yangu". Sisi tungesema chanda na pete. Kila kitu anachofanya kina maelezo yake mazuri: amempangia nguo kwa sababu anampenda, amemsemea kwa watu kwa sababu anamwonea huruma, na kila akimaliza kumsaidia, Ji-won amebaki bila mtu mwingine. Wachoraji wamempa macho makubwa ya kitoto, na kuna vipande ambapo macho yale yale, bila kubadilika mstari, yanatisha. Aliyekulia kwenye taarabu hahitaji kufafanuliwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na sura inayofuata ni mipasho iliyochorwa. Ile ya mkutano wa waliosoma pamoja, ambapo uongo wa miaka mingi unaanikwa mbele ya darasa zima, nimeirudia mara nne.

Nisisahau namna inavyosomwa. Katuni hizi zimetengenezwa kwa ajili ya simu, unazishusha kwa kidole gumba. Kati ya picha na picha wanaacha nafasi tupu, na ile nafasi ndiyo ukimya wenyewe. Mlango unafunguka... unashusha, weupe, unashusha, weupe tena, kisha uso wa mumewe. Kasi unaipanga wewe. Kisha sura inakatikia mahali pabaya kuliko pote, na ukitaka inayofuata kabla ya wiki kwisha unanunua sarafu. Nilinunua. Sitasema kiasi gani, kwa kuwa mume wangu anasoma humu.

Sasa malalamiko, na ninayo.

Kwanza ile habari ya miwani. Mwanamke aliyekufa akarudi, mwenye akili ya kupanga mitego yote hii, inabidi kwanza avue miwani, atengeneze nywele, anunuliwe nguo, ndipo watu wamwone. Nimevaa miwani tangu darasa la tano. Imenikera, na inanikera zaidi kwa sababu sura ile imechorwa vizuri.

Pili, huyo mwanamume. Yoo Ji-hyuk, bujangnim mwenyewe, ni mrefu, mkimya, mjukuu wa mwenyekiti wa kampuni. Amempenda Ji-won kitambo bila kusema, na (anayetaka kusoma aruke mstari huu) yeye pia amerudi kutoka kesho. Kila Ji-won anapokwama, jamaa yupo na gari, hela, na mtu wa kumpigia simu. Nilikuwa najiuliza angefika wapi kama Ji-hyuk angekuwa kijana wa kusambaza mizigo kwa pikipiki. Mapenzi yao ni ya heshima mno, yamepoa. Nilifurahi zaidi kila alipotokea Hee-yeon, dada wa Ji-hyuk, anayefanya kazi ofisini humo akificha ni mjukuu wa nani. Yule anampenda Ji-won kwa kelele.

Michoro ya wanaume nayo, ukifunika nywele kwa kidole, huwezi kujua nani ni nani. Kidevu ni kimoja. Katikati hadithi inazunguka pia. Min-hwan ni mjinga kwa namna ile ile sura baada ya sura, hadi unamshangaa Ji-won wa kwanza aliyeishi naye miaka yote ile.

Tamthilia yake ilitoka Januari 2024 kwenye tvN, stesheni ya televisheni ya Korea, vipindi 16, Park Min-young akiwa Ji-won. Hiyo tuliitazama pamoja, mimi nikitafsiri juu juu. Shangazi alipenda kile kikao cha familia mbili kabla ya ndoa, Ji-won anapomtibua mama mkwe mtarajiwa. Alitaka tukirudie. Alichukia kwamba mwishoni, mambo yakiwa yameiva, wanamleta mwanamke mwingine mbaya, mchumba wa zamani wa Ji-hyuk, kana kwamba Su-min hakutosha. "Wameongeza maji kwenye mchuzi," alisema.

Lakini kilichotugombanisha ni ile sheria ya mabaya kuhama. Mwanzoni ni tamu. Mume mbovu anahamia kwa aliyemtaka, hakuna wa kulalamika. Kisha unafika ugonjwa. Kwenye tamthilia saratani ya Ji-won inamwangukia Yang Ju-ran, mwenzake wa ofisini, mwanamke mpole ambaye kosa lake ni kukaa meza ya jirani. Ji-won analia, anasimama naye, Ju-ran anafanyiwa upasuaji, anapona. Mimi nilitetea. Nilisema amepona, si ndiyo? Na hata mume wake wa ovyo amekwisha kumjua rangi zake.

Shangazi aliuguza dada yake, mama yangu, miezi kumi na minne. Mkono wake ulisimama juu ya ungo.

"Huyo Ju-ran ana watoto?"

"Mmoja. Wa kike, mdogo."

Akasonya. "Basi aliyeandika hivyo hajauguza." Akatoa jiwe moja, akalitupa dirishani, akaniambia nizime hicho kitu nikabandike maji.