Nilivyoiweza Träumerei kwa solfa, baada ya boksi na rababendi kunishinda

Kuna ushauri unazunguka sana mtandaoni, na nauanza nao kabla hasira haijapoa: eti kidole cha pete ni dhaifu kwa asili, kwa hiyo kifunge rababendi pamoja na cha kati, ukivute mara mia kwa siku, na mwezi ukiisha utaona maajabu kwenye piano. Niliufuata. Maajabu niliyaona kweli, nitafika huko.

Niko Leipzig, Ujerumani, mwaka wa tatu sasa. Nasomea uuguzi wa wazee, na mafunzo ya kazi nayafanya katika nyumba moja ya wazee ambayo sitaitaja. Kwetu Moshi nilikuwa alto wa kwaya ya usharika, na pia mpiga kinanda wa akiba, yaani yule anayekumbukwa mpigaji mwenyewe akishikwa na malaria Jumamosi usiku. Solfa, yaani nota zilizoandikwa kwa herufi za do re mi, naisoma kama gazeti. Nota za mistari mitano nilikuwa naziona kama siafu wanahama.

Kuna bibi mmoja pale ghorofa ya pili, mwalimu wa muziki mstaafu, ana miaka themanini na kitu na ulimi haujastaafu. Asubuhi moja namvalisha soksi, akaniuliza kama najua Leipzig ni mji wa nani. Nikamjibu Bach, Mlutheri gani asiyejua hilo. Na mwingine? Nikasema Schubert. Alinitazama kama vile nimemvalisha ile soksi mkononi.

Alikuwa anamtaka Robert Schumann, mtunzi. Schubert ni wa Vienna, alifariki mwaka 1828 akiwa na miaka 31 tu, na Leipzig haimhusu, isipokuwa kwamba ni Schumann huyohuyo aliyeikuta simfonia yake kubwa imelala kwa ndugu yake kule Vienna, akaituma huku, na mtunzi mwenzake Mendelssohn akaiongoza mara ya kwanza mwaka 1839. Haya yote nilielezwa nikiwa nimepiga magoti na soksi ya pili mkononi. Alipoona nimenywea akanihurumia. Akanisimulia kwamba mwaka 1956, Schumann akitimiza miaka mia tangu afe, Ujerumani Mashariki ilitoa stempu zenye sura yake, na nyuma ya sura hiyo wakachapa nota za wimbo wa Schubert! Miezi michache baadaye ikabidi watoe stempu nyingine zenye nota za mwenyewe. Kwa hiyo, akasema, umekosea pamoja na serikali.

Halafu akauliza kama naweza kumpigia Träumerei, kipande kifupi cha piano cha Schumann, kwenye ile piano ya ukumbi wa chakula. Nikasema naweza, anipe mwezi mmoja. Huo ndio ugonjwa wangu, mdomo hutangulia kufika.

Nilipopakua nota zake (ni bure, haki za kunakili zilikwisha zamani) nilicheka. Ukurasa mmoja! Mizani 24 (yaani mafungu ya mapigo), nane za mwanzo unazirudia. Ni kipande cha saba kati ya vipande 13 alivyoviita Kinderszenen, yaani mandhari za utotoni, vya mwaka 1838. Nikajisemea, mimi niliyepiga tenzi zote za Pasaka bila mazoezi, hiki ni cha wiki moja. Nota za mistari nilijifunza palepale, si kazi kubwa.

Tatizo lilikuwa mahali pa kufanyia mazoezi. Piano ya ukumbini siwezi kuigusa wazee wakiwa wamelala, na wazee hulala saa zote ambazo mimi sina kazi. Hosteli nako kuanzia saa nne usiku ni kimya, na jirani yangu wa ukuta hubisha hodi hata ukikohoa. Ndipo nikaokota boksi la friji kwenye chumba cha taka. Jamani, lile boksi lilikuwa zuri. Nilikata kipande kirefu cha zaidi ya mita, nikachora vibao vyeupe kwa rula, vyeusi nikavipaka wino wa kalamu nene, nikakilaza juu ya meza. Kwa wiki tano nilipiga boksi. Nilikuwa naimba moyoni, vidole vinakimbia, na mwenzangu wa chumba, dada wa Kakamega, akawa anasema, "Dada, hiyo ngoma ya leo ni kali sana," kisha anageukia ukuta analala.

Siku ya kuijaribu piano yenyewe nilishuka ukumbini mapema, wapishi tu ndio wapo. Nikaweka mikono. Sauti iliyotoka, mpishi alichungulia. Nikarudia, ileile. Nilidhani piano imeharibika. Kumbe rula yangu! Vibao vyangu vya boksi nilivichora vya sentimita mbili kamili kwa sababu ni hesabu rahisi, na vya piano vinazidi hapo kwa milimita tatu na ushee. Oktavu nzima, yaani do hadi do, ikawa imenipungukia sentimita mbili na nusu. Wiki tano nimefundisha mkono umbali wa uongo, na mkono, ukishajifunza uongo, unaushika kuliko kweli.

Hapo ndipo nilipokimbilia rababendi. Niliamini shida ni udhaifu wa vidole, maana Träumerei inatanua mkono wa kushoto mpaka unajisikia kama kuku anavutwa bawa. Nikafunga, nikavuta, kwenye tramu, kwenye foleni, hata darasani chini ya meza. Siku ya kumi na mbili kidole cha pete kilivimba. Nilishindwa kufungua kopo la jemu la mzee mmoja wakati wa kifungua kinywa, nikakipaka Vicks kidole hicho wiki nzima huku nikidanganya kwamba nilibanwa na mlango.

Kwa kuwa sikuweza kupiga chochote, nikasema basi angalau nikamjue huyu mtu. Nikaenda Inselstraße namba 18, nyumba aliyoishi na mkewe Clara kuanzia walipooana mwaka 1840 hadi 1844. Sasa ni makumbusho. Nikiwa na kidole changu kilichovimba ndipo nilipopata habari zake. Schumann alizaliwa Zwickau mwaka 1810, baba yake muuza vitabu. Akaja Leipzig mwaka 1828 kusoma sheria, akaacha, akahamia kwa mwalimu wa piano aitwaye Friedrich Wieck awe mpigaji mkubwa. Akawa na haraka. Akatumia kifaa cha kulazimisha kidole, na mkono wake wa kulia, kidole cha kati hasa, ukaharibika. Wataalamu bado wanabishana kama ni kifaa kile peke yake au na ugonjwa mwingine, lakini upigaji uliishia hapo, akiwa na miaka ishirini na kidogo. Moja ya tiba aliyopewa ilikuwa kuutia mkono ndani ya mnyama aliyechinjwa muda uleule. Nilisimama pale nikauangalia mkono wangu, nikaona Vicks si mbaya.

Yaani watu wamelijua jambo hili tangu miaka ya 1830, na bado leo mtu anawasha kamera na kufundisha rababendi!

Nilinyolewa zaidi nilipopata kanuni zake. Aliandika maelekezo mafupimafupi kwa vijana wanaojifunza muziki, yanayoambatana na albamu yake ya vijana ya mwaka 1848, vile vipande alivyovianza kama zawadi ya siku ya kuzaliwa ya binti yake mkubwa, Marie. Mimi niliyachukua kwa ajili ya Kijerumani, maana sentensi ni fupi na mtihani ulikuwa karibu. Nasoma nasoma, nakutana na hii: kuna vinanda bubu vimebuniwa, vijaribu kidogo uone kwamba havifai kitu, kwa bubu hujifunzi kusema. Nililikunja boksi langu usiku uleule. Dada wa Kakamega akauliza kama bendi imevunjika.

Sasa niseme kilichonisaidia, na hapa najisifu kwa sababu hakuna aliyenifundisha. Niliitazama Träumerei nikaona kitu ambacho mtu wa kwaya lazima akione: si wimbo wenye vibwagizo vya mkono wa kushoto, ni sauti nne. Soprano anapanda, akikaa tu, alto anamjibu, tena (ndiyo sauti ya juu ya wanaume) anaingia kati, besi anawapokea. Ni kwaya imefichwa ndani ya vidole kumi. Mimi nilikuwa nabonyeza vibao vyote kwa pamoja kama mtu anayesukuma gari, ndiyo maana ilikuwa inatoka uji.

Nikakaa na kalamu nikaiandika yote kwa solfa, sauti moja moja. Soprano anaanza so ya chini, anakaa kwenye do, halafu ti, do, mi, so anapanda mpaka do ya juu, kisha anashuka taratibu kama mtu anayerudi nyumbani kwa njia ya mbali. Mara ya pili anapanda tena lakini haishii do, anafika mi, na ule umbali mdogo uliozidi ndio unaobana koo. Jumapili jioni nikawakusanya jikoni: dada wa Kakamega soprano, mimi alto, kaka mmoja wa Bukoba besi, na kijana wa Kisumu aliyeapa kwamba ni tena. Nilipika ndizi ili wasitoroke. Kwa ufunguo wa Schumann, ambao ni F, ile mi ya juu ingempasua dada wa watu, lakini uzuri wa solfa ndio huo, unaishusha do hadi C na kila mtu anashuka nayo, karatasi hubadilishi. Tuliimba polepole sana. Kijana wa Kisumu alipotea mara sita. Mara ya saba tukafika mwisho, na pale karibu na kikomo, ambapo wote husimama kwenye ile mi ya juu kabla ya kushuka, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Kaka wa Bukoba akasema, "Huyu mzee alikuwa na mawazo."

Alikuwa nayo. Alipoandika vipande hivi alikuwa na miaka 27 na anamtaka Clara, binti wa Wieck, yule mwalimu. Clara alikuwa amemwambia kwamba wakati mwingine anamwona kama mtoto, na yeye akamwandikia barua kwamba ametunga vidude vidogo thelathini hivi akachagua baadhi. Baba mtu alikataa katakata. Kwetu wazee wangekaa, mbege ingepita, jambo lingeisha. Wao walifika mahakamani. Ruhusa ikatoka Agosti 1840, wakafunga ndoa Schönefeld, kando ya Leipzig, tarehe 12 Septemba, kesho yake Clara anatimiza miaka 21. Mwaka huo peke yake Schumann alitunga nyimbo zaidi ya mia. Bibi yangu lakini humtetea zaidi Clara: alizaa watoto wanane, na mumewe alipojitupa mto Rhine mwaka 1854, akaokolewa na kupelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ambako alifia mwaka 1856, ni Clara aliyezunguka akipiga piano ili wale watoto wale. Ndiyo maana, anasema, sura iliyowekwa kwenye noti ya mark mia, pesa ya Ujerumani kabla ya euro, ilikuwa ya Clara.

Baada ya jikoni kazi ilibadilika. Nilinunua kinanda cha mtumba chenye vibao 61, euro hamsini au sitini, sikumbuki, na spika za masikioni za bei ya soda. Kila usiku nilikuwa napiga sauti moja na kuimba nyingine. Tena nampiga, soprano namwimba. Kisha nabadilisha. Inachosha kichwa, vidole haviumi hata kidogo. Kasi msiihangaikie; Schumann ameandika mapigo 100 kwa dakika, nikijaribu hiyo inakuwa mtu anakimbiza daladala, na wapigaji wengi huenda polepole zaidi. Mtafuteni mpiga piano Horowitz, video ya Moscow mwaka 1986, mzee wa miaka 82 amerudi nchi aliyoiacha tangu 1925, anaipiga hii. Nilikuwa naitazama kwenye tramu na kusahau kituo.

Ule mwezi mmoja nilioahidi ukawa miezi saba.

Niliipiga Alhamisi moja alasiri, saa ya kahawa na keki. Wazee kama ishirini. Mmoja aliendelea kuomba sukari. Kwenye mizani ya tano nilikosea kibao kimoja, nikaenda mbele kama vile ni desturi ya Kichaga. Nilipofika ile nota ya juu ya mwisho nikaikalia, nikawasikiliza wote wanne, hata tena wa Kisumu. Makofi yalikuwepo ya wastani. Bibi alikuwa amefumba macho, kidevu kifuani, na nilijua kabisa amelala. Nilikwenda kuosha vikombe nikiwa na uchungu.

Kesho yake asubuhi namvalisha soksi, hasemi kitu. Nimemaliza mguu wa kulia ndipo akafungua mdomo.

"Pedali umeikanyaga kama mtu anazima sigara," akasema. "Tena nilimsikia."

Kisha akaninyooshea mguu wa kushoto.