Laptopu kuukuu, Mint na Wi-Fi iliyogoma

Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na diski ya kizamani, ile ya kuzunguka. Linux, mfumo endeshi kama Windows, ina matoleo mengi; la kwanza nililoweka lilipendeza macho, lakini nikifungua kivinjari tu, feni inanguruma kama mashine ya kusaga. Nikahamia Linux Mint, toleo la Xfce (muonekano wa skrini usiokula RAM nyingi), jepesi kweli. Niliijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kugusa diski: sauti ipo, kamera ipo, Wi-Fi hola!

Nikasakinisha hivyo hivyo. Kisha nikachomeka simu kwa waya wa USB, nikagawa bando, nikafungua Driver Manager, programu ya Mint ya kutafuta draiva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa vya kompyuta. Draiva ya kadi yangu ya Wi-Fi ilikuwa pale pale. Nikaiweka, nikazima na kuwasha. Mitandao ya majirani ikajipanga yote, imefungwa kwa nywila zao.