Kigumu mbele, laini nyuma

Leo maabara nimeshika kipande cha deraya, yaani kinga ya kuzuia risasi, kilichokatwa kwa msumeno palepale risasi ilipogonga. Mbele bamba la chuma kigumu, nyuma alumini. Chuma kimetoboka lakini kimeivunja ncha ya risasi. Alumini imevimba kama andazi, haikupasuka. Nimepitisha kidole kwenye ule uvimbe mara tatu nzima.

Wengi hudhani ukirundika mabamba membamba basi umemaliza kazi. Hapana! Yakiwa ya aina moja, kila bamba hupinda kivyake, na mara nyingi bamba moja nene huyashinda. Mpangilio ndio kila kitu.

Halafu uzito, jamani: mita moja ya mraba ya chuma, unene milimita 10, ni kilo 78 hivi. Alumini ni 27. Gari lenye deraya likipanda mlima, injini inaihisi tofauti hiyo.