Nyonga ya Bibi

Bibi aliteleza bafuni akavunjika nyonga; mguu ukaonekana mfupi na umegeukia nje. Baadhi ya ndugu walisema kwa umri wake kisu kitammaliza. Jamani, kinachowamaliza wazee wengi ni kulazwa wiki nyingi bila upasuaji, wakivutwa mguu kwa uzito: nimonia, vidonda vya mgongoni, damu kuganda. Uingereza mwongozo unataka wapasuliwe siku hiyohiyo wanayofika hospitali au kesho yake.

Shingo ya paja, sehemu nyembamba ya mfupa wa paja chini ya kichwa chake kinachoingia kwenye nyonga, ilikatika na kichwa cha mfupa kikahama. Damu haikifikii vizuri tena, kwa hiyo daktari alikitoa akaweka cha chuma. Asubuhi iliyofuata Bibi alisimamishwa kwa fremu ya kutembelea, akilia, nami nikilia naye. Dawa ya mifupa ameanza pia. Anayevunjika nyonga kwa kuteleza tu, mifupa yake imeshadhoofika.