Damu ya Sukari pale Isyonje

Filamu ilimhusu shushushu mstaafu, zamani muuaji wa idara, ambaye sasa analima viazi kwenye milima ya Uporoto, Mbeya, na hataki kusikia habari za kazi ile. Sehemu ya kurudi kwake kazini tuliipigia kwenye ghala la viazi karibu na Isyonje, pale njia ya Kitulo inapoachana na barabara ya Tukuyu. Ilikuwa Juni, baridi ya kutafuna masikio. Kibali cha Bodi ya Filamu kilikuwepo, na mwenyekiti wa kijiji na polisi walikuwa na taarifa. Hilo la polisi halirukwi hata kama bastola ni ya mbao, iliyopakwa rangi nyeusi na kusuguliwa unga wa risasi ya penseli mpaka ikang'aa kama chuma. Mpita njia haoni mbao.

Amri ya kuua ilimfikia mzee kupitia dalali wa viazi. Hadithi ya mwanzo ilikuwa na bahasha na mtu wa miwani myeusi. Mwongozaji akaitupa, karatasi ikafichwa juu ya lumbesa, kwenye ile nundu inayosukwa kwa kamba gunia likishajaa. Gunia la namna hiyo linapita kilo 100 na limepigwa marufuku, kwa hiyo dalali anayenong'ona huku akitazama barabarani hamshangazi mtu. Kwangu mimi hapo ndipo filamu ilipopata akili.

Mzee aliyecheza muuaji alitaka kulia.

"Usilie, mzee wangu," mwongozaji akamwambia. "Wewe chambua viazi."

"Sasa watajuaje kama sitaki?"

"Utachelewa kumjibu. Basi."

Akakaa kwenye kigoda. Vya ukubwa wa yai, mbegu, kushoto. Vikubwa vya chipsi, kulia. Vilivyopigwa jua vikawa kijani, nyuma, maana ni vichungu na vina sumu. Dalali anaongea, mikono inakwenda. Lilipotajwa jina la mtu wa kuuawa, mkono ukaokota kiazi cha kijani ukakiweka taratibu na vya chipsi. Kamera ilikuwa karibu kiasi cha kuonyesha udongo kwenye kucha. Machozi yangeharibu yote.

Kazi ngumu ilikuwa damu. Chemsha vikombe 2 vya sukari kwa kikombe 1 cha maji mpaka ianze kuvutika, tia kijiko cha unga wa muhogo uliokorogwa na maji baridi, rangi nyekundu ya chakula, mwisho kakao nusu kijiko. Bila kakao, chini ya taa inaonekana sharubati. Kwa baridi ya kule ikaganda kama jamu, ikabidi ihamishiwe kwenye chupa ya chai. Unaijaza kwenye puto dogo, unaligandisha juu ya kipande cha boksi kifuani, na pini yenye uzi wa mshipi inavutwa na mtu aliye nje ya picha. Shati likwanguliwe kwa wembe upande wa ndani, la sivyo puto linapasuka na damu inashuka tumboni badala ya kutokeza. Mashati yawe matatu yanayofanana, kwani rangi ile haitoki. La kwanza liliharibika mchezaji alipoinama kufunga kamba ya kiatu.

Betri nazo zilikaa mifukoni mwetu zipate joto. Sauti ilisubiri malori ya viazi yapite, kila moja likinguruma mlimani.

Muuaji alipomaliza kazi yake, damu ilikuwa imeruka hadi kwenye rundo. Mama mwenye ghala akachukua kiazi, akakibonyeza kwa kidole gumba, kikanata.

"Wanangu, hivi vya kunata atanunua nani?"

Kijana mmoja akajitolea kuviosha. Mama akamtazama kwa huruma: kiazi kilichooshwa kikirudi gunia kinaoza na kuozesha wenzake. Akalipwa madebe mawili, kwa bei ya soko la Uyole, si ya shambani.